Bwana Milimita na Pete Ishirini za Mnara

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, mimi ninayesimama mbele yenu ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, fundi seremala ambaye wengi wenu mna mlango au kitanda kutoka karakana yangu, na nimekabidhiwa karatasi hizi si kwa uzuri wa sauti, bali kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza kwamba asisome mtu mwingine, ingawa wanaotufahamu wanajua kwamba kwa miaka kumi yeye na mimi hatukukubaliana hata juu ya umbo la dunia tunayoikanyaga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1953, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mwashi na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, na mama yake alisimulia hadi uzeeni kwamba kabla mtoto huyo hajajua kusoma alikuwa akiiba utepe wa kupimia nguo na kupima kila kilichokaa kimya, meza, paka, hata baba yake akiwa amesinzia. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1961 hadi 1967, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1971, ambako alipata alama za juu katika hesabu na alama za aibu katika kuimba, kisha akajiunga na chuo cha upimaji ardhi kuanzia Februari 1972 hadi Desemba 1974.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ya wilaya, chumba namba tisa, meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika, na hapo alikaa miaka thelathini na minane bila kuomba meza nyingine. Kila aliposimamisha kifaa chake cha miguu mitatu, kitu cha kwanza kuandika daftarini, hata kabla ya tarehe, kilikuwa urefu wa kile kifaa kutoka ardhini hadi kwenye lenzi, na wasaidizi waliosahau jambo hilo walirudishwa kilimani kuanza upya, jua liwe kali namna gani, na hao ndio waliombatiza jina la Bwana Milimita. Alistaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2013.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na dada yangu, waliyejuana naye alipokuja kupima kiwanja chetu, akarudi mara tatu kukagua mawe ya mpaka ambayo hayakuwa yamesogea hata kidogo, mpaka baba yetu akamwambia aseme shida yake. Walijaliwa watoto watatu, kifungua mimba mwaka 1978 ambaye ni mwalimu, wa pili mwaka 1981 ambaye ni muuguzi, na kitinda mimba mwaka 1986 ambaye ni fundi umeme, na wajukuu sita, wote wakiwa wamechorwa kimo chao kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni.

Sasa nifike kwenye lile mnalolisubiri, maana naona tayari kuna watu wanatabasamu kule nyuma. Mke wangu alifariki Desemba 2013, watoto wangu wako mbali, na Jumamosi, siku ambayo karakana hufungwa mapema, ilikuwa siku ndefu kuliko zote, basi nikajizoesha kutazama video za simu, na huko ndiko nilikokutana na watu waliosema dunia ni bapa, nami nikalishikia bango. Nilikuwa na hoja yangu ya kiseremala, kwamba nimeweka sakafu miaka arobaini, na kipovu cha pimamaji hakijawahi kuniambia kuwa chini kuna mpindo. Marehemu alinisikiliza Jumamosi ya kwanza hadi mwisho, kisha akanijibu kwamba sakafu yangu ndefu kuliko zote haizidi mita thelathini, na kwa mita thelathini dunia haishuki hata unene wa unywele, kwa hiyo kipovu changu si mwongo, ila kimeulizwa swali dogo mno. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi saa nane mchana.

Kanuni yake aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana, na bado ipo: chukua umbali kwa kilomita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa kumi na mbili na robo tatu, jibu ni mita ambazo dunia imeshuka. Ng'ambo ya ziwa, kilomita kumi na mbili, umesimama ule mnara wa tangi la maji wenye pete ishirini nyekundu na nyeupe, kila pete mita moja, aliowahi kuupima mwenyewe kazini, naye akatangaza mbele ya majirani kwamba kutoka ufukweni pete kumi na moja za chini zitakuwa zimemezwa na maji. Jumamosi tarehe 17 Januari 2015 tulikwenda watu tisa, na kwa darubini yake mwenyewe tukahesabu pete kumi na sita na nusu zikituangalia, yaani zilizofichwa hazikufika hata nne. Nilivimba kichwa siku hiyo, sitawaficha, nikamtania njia nzima.

Jumamosi tatu baadaye, tarehe 7 Februari, aliwaita watu walewale pale ufukweni, akasimama, akasema, "Nilikosea mimi, dunia haikukosea. Nilisahau urefu wa macho yangu." Yaani mtu aliyewarudisha kilimani vijana wote wa ofisi kwa kosa hilo, siku aliyokuja bila kile kifaa cha miguu mitatu alisahau kwamba yeye mwenyewe ndiye kifaa, macho yake yako juu ya maji mita moja na sentimita sitini, na mpindo haupigiwi hesabu kuanzia miguuni bali kuanzia pale macho yanapogusa upeo wa maji. Akafanya hesabu upya mbele yetu, akapata pete nne na kidogo, akaeleza kwamba hewa ya juu ya maji hupinda mwanga na kuinua taswira kiasi, ndiyo maana tuliona hata zaidi. Wengine waliridhika, mimi nikakataa katakata, na kosa lake nikalifanya silaha kwa miaka minane.

Tarehe 12 Septemba 2023, siku ya Jumanne, niliazima ile darubini kwa dada yangu, nikidai kwamba kuna nyuki kwenye paa la karakana, nikabeba ngazi yangu ya kupigilia dari, nikaenda ufukweni peke yangu. Nilipolala kifudifudi niliona pete kumi na tatu, niliposimama kumi na sita, nilipopanda ngazi karibu kumi na tisa, na seremala yeyote anajua kwamba ubao ulionyooka haufichi kitu na kukifichua kwa sababu tu wewe umepanda ngazi. Nilirudisha darubini, sikumwambia mtu, na Jumamosi iliyofuata nikabishana kwa nguvu zaidi, kwa sababu niliogopa kwamba nikikubali hatakuwa na sababu ya kuja.

Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa moyo wake umepanuka, alilazwa tarehe 2 Novemba, na Jumamosi tarehe 9 tulibishana wodini kwa mara ya mwisho, yeye akichora mpindo nyuma ya kadi ya dawa. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja na miezi sita kamili.

Kesho yake dada yangu alinikalisha jikoni, akaniambia kwamba siku ile aliniona nikielekea ufukweni na darubini na ngazi, akamweleza mumewe jioni ileile, naye mumewe akacheka hadi akakohoa, kisha akamwambia, "Usimwambie kama najua. Akikubali, Jumamosi atakaa na nani?" Kwa hiyo kwa miezi kumi na minne tulikuwa wazee wawili tunaoamini jambo moja, tukigombana kwa sauti ili tusiachane, na mimi nilidhani mjanja ni mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliotuvumilia kelele, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa chumba namba tisa mliokuja wote pamoja na waliostaafu, na kila aliyetushika mkono.

Shemeji, nasema mbele ya watu hawa wote, dunia ni mviringo, nimeuona mpindo wake kwa macho yangu, na ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Jumamosi nitakwenda kukaa na dada, naye tayari amenitumia ujumbe kwamba hakubali hata kidogo kuwa mwezi ni mviringo. Wewe sasa pumzika, shemeji yangu, kwa amani.