Simeon Muasya na Mtihani wa Vifua, 1922–1958

Tarehe 9 Aprili 1922, Jumapili ya Matawi, mvua ilinyesha Kilimambogo tangu alfajiri hata katekista akachelewa kanisani. Siku hiyo ndipo alipozaliwa marehemu Simeon Muasya, kitinda mimba wa mzee Kaleli na mama Katunge.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1939. Walimu walimsifu kwa mwandiko wake. Mdomo ndio uliomwangusha: akiulizwa swali mbele ya watu, jibu lilimkimbia.

Mwaka 1941 aliajiriwa katika zahanati ya shamba la kahawa Ruiru. Hapo alifanya kazi na Erastus, na tarehe 14 Agosti 1948 akamwoa Kamene, dada yake Erastus. Mwaka 1953 mashemeji hao wawili waliajiriwa kama wasaidizi hospitalini Thika, wodi ya kifua kikuu. Siku moja ya Hali ya Hatari, askari alimsimamisha marehemu darajani akamwuliza ule mpira mfukoni ni wa nini. Marehemu alieleza kuwa ni wa kusikilizia vifua, na askari akataka chake kisikilizwe palepale.

“Moyo wako unapiga vizuri, afande.”

“Wangu najua,” askari akasema. “Wako ndio nausikia kutoka hapa.”

Baada ya miaka mitatu ya mafunzo wodini, kila msaidizi alisimama mbele ya madaktari watatu, akasikiliza kifua cha mgonjwa asiyemjua na kutaja ugonjwa. Aliyeshindwa alirudi kuosha vikopo vya makohozi. Mwaka 1956 marehemu alisikia kila kitu, lakini hakuweza kufungua mdomo. Aliambiwa amebakiwa na nafasi moja tu, Jumanne tarehe 17 Septemba 1957.

Mwaka mzima alijizoeza kwa vifua vya nyumbani. Mwanzoni mwa Septemba akauweka mpira kwenye kifua chake mwenyewe. Alichokisikia hakumwambia mtu. Alianza kulala barazani, akasema anasoma, na kikombe chake akakitenga.

“Kikombe chako kimekosa nini?” Kamene alimwuliza.

“Ni mtihani, mama Muthoka. Mtihani tu.”

Kila Ndunge, mtoto wao mdogo, alipokohoa, marehemu aliacha kusoma na kuhesabu mara ngapi.

Jumapili tarehe 15, baada ya ibada, Erastus, aliyekuwa naye afanye mtihani Jumanne, alifika ili wasikilizane vifua.

“Pumua, shemeji. Hujaambiwa uimbe,” Erastus alitania. Kisha akarudisha mpira chini ya bega la kushoto. “Pumua tena.”

“Umesikia nini?”

“Mpira huu umezeeka.”

“Erastus, keshokutwa utaulizwa na madaktari. Sema.”

“Kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio.”

“Basi umefaulu,” marehemu akasema.

Erastus hakucheka. “Ngoja Jumanne ipite. Ni siku mbili. Ukisema leo watakufuta, na nafasi nyingine hakuna.”

“Nimeshangoja siku kumi na mbili. Ndunge anakohoa.”

“Watoto wote wanakohoa.”

“Ndiyo. Hilo ndilo nililojiambia.” Erastus akamfungia vifungo vya shati.

Mtihani ule hakuufanya. Erastus aliufanya na kufaulu. Marehemu alilazwa katika wodi aliyoihudumia, akatibiwa karibu miezi tisa. Tarehe 7 Juni 1958, saa nne asubuhi, alitapika damu nyingi akafariki, Kamene akiwa amemshika. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Ameacha mama yake Katunge, mjane wake Kamene, shemeji yake Erastus, na watoto Muthoka, Mwongeli na Ndunge. Ndunge alikutwa na doa kwenye pafu, likiwa bado dogo. Alitibiwa miezi sita na sasa ni mzima. Bwana ampokee mtumishi wake, amtue mzigo wa hofu.

Familia imeomba jambo hili lisomwe mwisho. Asubuhi iliyofuata mazungumzo yale na Erastus, Jumatatu tarehe 16, kabla ya kengele ya zamu, marehemu alimwamsha Kamene akamweleza yote. Alimnawisha Ndunge uso, akawapeleka wote wanne, mke na watoto, kwenye chumba cha eksirei. Daktari alipouliza nani mgonjwa, Simeon alijibu mara moja, kwa sauti iliyosikika hadi nje: “Ni mimi.”