Isale la Aliyefunga Kompyuta

Kijiwe chetu pale Kiboriloni, nyuma ya wauza mitumba, kina benchi moja, birika moja la kahawa na wajuaji watatu, nikiwemo mimi. Tunayemwita Wakili aliwahi kufagia mahakama miaka minne. Jemedari alimaliza mafunzo ya mgambo, bunduki hakuigusa. Asubuhi hiyo redio ilisema mataifa mawili ya mbali yanapigana kwa kompyuta, na kirusi chao kimepotea njia, kikafunga mashine za hospitali moja hapa mjini. Basi wajuaji tukapata kazi.

Jemedari: Hiyo ni vita! Nchi ikishambuliwa kwa silaha, sheria ya dunia inairuhusu ijibu.

Wakili: Silaha gani? Imelia wapi? Umoja wa Mataifa umekataza nchi kutumia nguvu. Kirusi kina nguvu gani, kimebeba gunia?

Jemedari: Kimefunga hospitali, wewe!

Wakili: Bomu lingebomoa ukuta. Ukuta umesimama. Kesi hamna.

Mimi: Na mgonjwa akifa ndani ya huo ukuta?

Wakili: Hapo tunasubiri wataalamu wa mataifa wakae, wakubaliane.

Mimi: Hao si ndio sisi, ila wao wanalipwa posho?

Jemedari: Nipeni mimi. Kila mnara wa simu naweka mgambo wawili wenye virungu. Kirusi kikishuka tu, kitakiona!

Wakili: Kwanza kipewe onyo la maandishi. La sivyo wewe ndiye mvamizi.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika mama mmoja, Yuditha wa Kirua Vunjo, bahasha ya hospitali mkononi.

Yuditha: Shikamooni wazee. Nimesikia mnaijua hii habari. Mume wangu Sifael alikuwa apasuliwe leo. Daktari anasema picha za uvimbe zimo kwenye kompyuta, hawezi kupasua kwa kubahatisha. Na uvimbe unakua.

Wakili: Marahaba, pole mama. Sasa, kisheria...

Yuditha: Sheria siijui, baba. Mwaka jana ng'ombe wa jirani alikula migomba yangu michanga. Jioni ile ile jirani akaja na jani la isale mkononi, akaomba nalo msamaha kimila, akanipandia mingine. Sasa kwa hili la Sifael, nani anakuja kwangu na isale?

Jemedari akachungulia kikombe chake kitupu. Mimi nikaona aibu, ile aibu yenyewe. Yuditha akasimama pale akisubiri jibu, maana aliamini kweli kwamba tunajua.