Turubai la Kumuaga Mzee Pisha

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkaguzi wetu wa barabara, ambaye mji mzima unamwita Mzee Pisha, alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe 30 Juni. Kiti chake nimekirithi mimi. Ni kipya kabisa, maana mwenyewe hakukikalia.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba mwenye filimbi. Wiki ile ile gari la wagonjwa lilikwama barabara ya sokoni, katikati ya meza za nyanya na marundo ya mitumba, na mama mjamzito akajifungulia humo humo garini. Mama na mtoto walipona kwa kudra ya Mungu. Tangu siku hiyo Mzee hakutulia. Aliacha chai ikipoa akatoka kuangalia njia, na hata kwenye harusi ya shemeji yake alionekana akiondoa viti mlangoni huku bibi harusi akisubiri.

Sheria ilikuwa kichwani mwake: bila kibali, usiweke kitu barabarani kikazuia wapitao. Alipenda kutukumbusha kwamba haikutaja nyanya peke yake. Asubuhi alimpa notisi mchuuzi, mchana tajiri aliyemwaga kifusi, jioni bosi wetu aliyeegesha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu. Bosi alinuna mwezi mzima. Wachuuzi nao aliwapigania wakapewa nafasi pembeni, akachora mstari mweupe kwa mkono wake, na aliyekaa nyuma ya mstari huo hakubughudhiwa na askari yeyote.

Wiki ya mwisho alikonda kwa wasiwasi. Habari zilikuwa zimefika sokoni, na meza zimeanza kuchungulia nje ya mstari. Kila akinikuta aliniuliza nani atabaki kuulinda. Nilimwambia asijali, nikaenda na wenzangu kupiga turubai la sherehe. Tulilipiga mbele ya ofisi, katikati ya barabara, bila kibali. Sisi, kitengo cha kuondoa vizuizi!

Muuza nyanya ndiye aliyekuja kuuliza, mbele ya wageni wote, kama sheria nayo inastaafu leo. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Mzee Pisha alivua koti la suti mpya akaanza kufungua kamba. Wachuuzi wakabeba viti hadi uani, na keki ikakatwa tukiwa tumebanana karibu na mapipa ya taka.

Mzee wetu, ahsante sana. Leo Jumatatu asubuhi nimekuona sokoni na kikapu, ukijifanya unachagua nyanya. Umeona mwenyewe: meza zimerudi nyuma ya mstari, bosi ameegesha mbali, na mimi sijakaa kitini tangu kulipokucha. Tunakutakia maisha mema na marefu, baba. Sasa nenda nyumbani, ukanywe chai ingali moto.