Safu Niliyoiacha Wazi

Niinueni kidogo. Aflah, mto wa pili nyuma ya mgongo, hapo hapo, ahsante. Maneno haya sitaki kuyasema chali, chali nna wakhti mrefu wa kulala mbele yangu. Masouda mwanangu, punguza hicho kiyoyozi, na mwambie Aseel aingie akae karibu na Aflah baba yake, asisimame mlangoni kama mgeni, maana mengi ya leo yanamhusu yeye. Nyambura, iweke simu hapa kifuani, irekodi kama ulivyonionyesha asubuhi. Haya. Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyonayo ni ya safari moja tu.

Tuanze na mali, ili iwatokeni vichwani. Mirathi kaigawa Mungu mwenyewe na hakutaka msaada wangu. Nyumba hii ya Hail na shamba la mitende la Samail mtagawana kwa sharia, na Masouda asitolewe chumbani mwake mpaka atakapotaka mwenyewe kutoka. Katika thuluthi yangu, ile ninayoruhusiwa kuiusia, mtoto wa Nyambura asomeshwe kule kwao Nyeri mpaka amalize chuo, kwa sababu huyu mama miaka minne ndiye aliyenigeuza kitandani, na hata siku moja hakunifanya nijione mzigo. Usilie, Nyambura, simu itarekodi kilio chako badala ya wosia wangu. Kitakachobaki katika thuluthi kichimbiwe kisima, mahali ntakapopataja baadaye.

Mimi Safwan, baba yenu, nilizaliwa Unguja, na sijaona haya kulisema hilo katika baraza yoyote ya Maskati. Nilitoka kule nna miaka ishirini, mnajua mwaka gani na kwa nini, sitaufukua leo. Nikafika hapa Omani mwaka sabini na moja, Sultani mpya kishakamata nchi na kishatuita tuliotawanyika turudi tuijenge. Nyinyi mmeikuta nchi na taa zake. Mimi nilikuta shule tatu nchi nzima, na hapo Khuwair mnapogombania pa kuegesha gari palikuwa mchanga na mbuzi, na kusini huko, Dhufar, watu wa nchi moja walikuwa wakiuana mwaka wa sita. Walitucheka tulipofika. Walisema Kiarabu chetu kibovu, na kweli kilikuwa kibovu, nikikisema kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Lakini barua ilipotakiwa iandikwe, walikuja kwetu. Nani aliyejua kupiga taipureta, nani aliyejua kuchoma sindano, nani aliyefunga waya za simu? Sisi, tuliokuja na sanduku moja la bati. Aliyewapa wao kiti ndiye aliyetupa sisi kumbi, nasi tukakaa juu ya kumbi letu tukafanya kazi. Mtu akija kukwambieni nyinyi si Waomani wa kweli, msigombane naye. Muulizeni cheti cha babu yake kiliandikwa na nani.

Vita vilipoelekea ukingoni nikapelekwa Salala, huko huko Dhufar, kuwaandikisha waasi waliokuwa wakishuka jabalini kwa msamaha waliopewa. Kila aliyeweka bunduki chini, na jamaa zake, alikuja mezani kwangu. Fomu ilikuwa na safu sita: jina, jina la baba, kabila, umri, watu wanaomtegemea, na ya sita ikiuliza alikuwa upande gani. Umri tulikuwa tukiubahatisha, mtu akisema kazaliwa mwaka wa nzige nasi tunahesabu vidole. Hiyo ya sita ndiyo iliyonishinda. Siku ya kwanza alikuja mama mmoja, mumewe askari wa serikali, mwanawe wa kwanza kafia jabalini, wa pili bado yuko huko na bunduki yake. Nimwandike upande gani, wanangu? Nikaiacha wazi. Aliyemfuata nikamwachia wazi pia, mpaka wiki ikaisha nna fomu mia mbili na hakuna hata moja iliyojazwa safu ya sita.

Mkubwa wangu akaniita, akazitupa mezani, akaniuliza nimesahau kuandika au nimesahau kiapo changu. Niliogopa, sikudanganyeni. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na sina kwetu pengine pa kurudi. Nikamjibu kwamba mimi, bwana, niliowaona wote walikuwa upande mmoja, ule wa pili wa meza yangu. Akaniambia toka. Nikakaa wiki tatu nangojea barua ya kufukuzwa. Badala ya barua likaja bunda jipya la fomu, nikalifungua kwa mikono yangu, na fomu zile zilikuwa na safu tano. Wakubwa wana madaraja na barabara za kuonyesha. Mimi nna safu isiyokuwepo, hakuna atakayeiona, nami naijivunia kuliko nyumba hii yenye ghorofa mbili. Hilo nalisema kifua mbele, hata kifua chenyewe kikiwa hivi.

Lakini mficha uchi hazai, nami nna uchi wangu. Katika zile wiki tatu za kungojea barua alikuja mezani kwangu mtu anayeitwa Bakhit. Ndiyo, Aflah, Bakhit huyo huyo, babu yake Maan. Tulia. Aseel, inua kichwa. Alkhamisi iliyopita watu wa Maan walikuja kutoka Salala kumposa Aseel, wakakaa sebuleni, majlisi yetu, na vikombe vya kahawa mbele yao havijaguswa, kama ilivyo desturi, wakingojea neno lako, Aflah, ndipo wanywe. Nawe uliposikia kabila lao na jina la babu yao ukasema humwozi binti yako kwa kizazi cha watu waliomuua ami yako Humam. Wakaondoka, kahawa imepoa. Nilikuwa hapa hapa, ukuta mmoja kati yetu, nikasikia kila neno na sina sauti ya kuita. Najua ulifanya kwa ajili yangu. Ndiyo maana hainijuzii kufa kimya.

Humam, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa dereva wa lori la saruji. Alipigwa risasi njia ya Thumrait mwaka sabini na tatu, na maiti yake hatukuletewa. Hayo mnayajua, maana kila Ramadhani baada ya futari nilikusimulieni, na nikimaliza nikisema watu wa jabali hawasameheki. Sasa sikilizeni ambalo sikukusimulieni. Bakhit aliposimama mbele ya meza alinisikia nikimwomba karani mwenzangu wino kwa Kiswahili, akabadilika uso. Kumbe ujanani alikuwa hamali bandarini Unguja, miaka mitatu. Akaniambia polepole, kwa Kiswahili cha bandarini: "Nyinyi wa Unguja? Basi yuko mwenzenu, nimemzika mimi."

Akanieleza lori, akanieleza saruji, akanieleza kijana mwenye pengo la jino la mbele, na mkono wangu bado unaandika jina la baba yake. Risasi ilikuwa yake, hakumsingizia mtu. Alipolifikia lori alimkuta kijana yu hai, anaomba maji kwa Kiswahili. Wenzake wakamwita waondoke, yeye akabaki. Akampa maji ya kiriba chake, akakaa naye mpaka roho ikatoka, akamchimbia kaburi kwa kitako cha bunduki na kwa kucha zake, akamlaza akielekea kibla, akamsomea Fatiha. Na Humam alimwachia neno la kufikisha, akasema: "Mwambieni mama sikuumia."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Neno moja tu katika safu ya sita, na mtu yule angelala gerezani usiku huo. Sikumsamehe, msinisingizie wema. Kumsamehe kulinichukua miaka kumi na moja. Lakini nilikwisha kuwaachia wazi watu mia mbili, walioua ndugu za watu wengine, nikaona nikiijaza ya huyu kwa sababu kaniumiza mimi, basi zile mia mbili zote zilikuwa uongo. Nikaiacha wazi. Nikampa karatasi yake na blanketi lake, nikamwita aliyemfuata.

Nilivyorudi Maskati nikamfikishia mama neno la Humam, nikasema nimeletewa na askari. Siku ile mama alilala usingizi wa kweli, mara ya kwanza tangu msiba. Ningemwambiaje kwamba aliyemuua mwanawe nimempa blanketi? Nikaogopa. Na mtu mwoga hupiga kelele, wanangu. Ndiyo nikawa nakusimulieni chuki kwa sauti kubwa, mama asikie, asije akanishuku. Mama akafa, mdomo ukawa umeshazoea. Ofisini niliwaachia wazi maelfu ya watu, khalafu nikarudi nyumbani kwangu nikaijaza safu ya sita ndani ya moyo wako wewe, Aflah, tangu una miaka mitano. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Uliyoyasema Alkhamisi yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, na ninakuomba radhi mbele ya mwanao.

Usinishike mkono kwanza, sijamaliza. Zile safari zangu za Salala kila mwaka, ukungu wa kharifu, msimu wa manyunyu kule, ukishaondoka. Masouda unacheka, najua, mlisema nna mke wa pili kule. Lisemwalo lipo, ila mke hakuwepo. Mama yenu Hamdiya, Mungu amrehemu, alinibana mpaka nikamwambia kweli, akacheka mpaka akakaa chini, khalafu akalia sana. Nilikuwa nikienda kwa Bakhit. Yeye ndiye aliyenipeleka kaburini kwa Humam, mawe mawili, la kichwani na la miguuni, naye alikuwa akiyasimamisha kila baada ya mvua, hata kabla hatujaanza kusemezana. Kisima changu kichimbwe hapo, wapita njia wanywe.

Na Alkhamisi mzee Bakhit mwenyewe alikuja nao, akakaa majlisini kwangu na fimbo yake, anasutwa na mwanangu, na angeweza kusema neno moja tu: muulize baba yako. Hakulisema. Nilimwomba siri zamani, akaiweka, akaiweka hata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, akatoka mlangoni kabeba aibu yangu. Mimi mtu huyu namwonea fahari kama ninavyomwonea fahari Humam. Nyambura asema nipumzike. Ntapumzika, mama, ntapumzika sana.

Aseel, wewe wamtaka Maan? Itikia kwa kichwa, yatosha. Haya, nimeona. Aflah, najua kadhi anaweza kukuvua uwalii, haki yako ya kumwoza, ukimzuia binti yako bila sababu, na yeye anajua, na hajakwenda kwa kadhi, kwa heshima yako. Usimfikishe huko. Mpigie Bakhit leo, usingoje nife, mwambie kahawa inachemshwa upya. Siku yangu ikifika unioshe wewe. Kaburini waingie wawili kunipokea, wewe na Maan, bega kwa bega, watu waone. Msiba siku tatu, msipike vyakula vya kushindana. Na mkinililia, lieni Kiswahili, ndicho ntakachokijua.

Nipeni maji. Basi. Nchi hii mkiona inalala usingizi, jueni kuna watu walimeza machungu yao ili ilale. Mungu akupeni riziki isiyo na kisirani... akulindieni ndimi zenu... akujaalieni watoto wasiojua kuuliza huyu alikuwa upande gani. Niko radhi nanyi. Niko radhi nanyi nyote, na wewe Nyambura.

Aflah, sogea, sauti inakwenda. Katika mtoto wa meza, chini ya pasipoti yangu ya zamani... ile kalamu ya Salala. Bado yaandika, nimeijaribu. Hati ya ndoa ina nafasi ya mkono wa walii, sahihi yako wewe. Mengi nimekufunza kuyajaza, na mengi hayo yafute, baba. Hiyo moja... hiyo usiiache wazi.