Papa Havugimana Awaaga Minyoo Wake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Papa Luc Havugimana, mtunza minyoo wa maabara yetu hapa Goma, anastaafu tarehe 30 Juni. Ni minyoo wa bahari, wadogo kiasi kwamba baadhi yetu tulipokea mishahara mingi kabla ya kuwaona. Umbali wa bahari haukuwahi kumsumbua: maji ya ziwa, chumvi ya sokoni, bahari imepatikana.

Kazi yake ilikuwa kuwafuga ili watafiti wajue wanavyozaana. Wakishiba na kupata joto, huongezeka maradufu ndani ya siku chache. Wakikosa chakula, mayai huanguliwa tumboni mwa mama, na watoto humla yeye. Papa Luc alipenda kulieleza hilo wakati wa chakula cha mchana, kwa kirefu, ndiyo maana alizoea kula peke yake.

Mwaka 2021, mlima ulipolipuka na mji ukaambiwa uhame, wenzake walibeba magodoro na televisheni. Yeye alibeba ukoo mzima wa minyoo ndani ya termosi ya chai, akapanda pikipiki hadi mji wa Kiwanja kwa dada yake, Mama Uwamariya. Hatukuwa na wengine. Wakifa hao, maabara imekwisha. Akaiweka termosi mezani, akaenda kunawa uso. Aliporudi, shemeji yake Sikuli alikuwa anamalizia kikombe cha pili.

"Hii chai yenu iko na chumvi mingi," alisema Sikuli. "Niliikunywa tu juu ya heshima."

Mama Uwamariya alikuwa tayari ameinama kuiosha termosi. Papa Luc akamnyang'anya. Kilibaki kijiko kimoja cha maji. Akaeleza, karibu kulia, kwamba humo mna akina mama wenye mimba, na wakishinda na njaa wataliwa na watoto wao.

Kwao, mwanamke akijifungua, majirani humpelekea uji na kinywaji, na asiyepeleka husemwa. Mama Uwamariya alichukizwa kabisa.

"Bamama wanazala, na hamubapatie hata uji?"

Akatupia unga wa mtama ndani kabla hajazuiwa. Papa Luc alikaa chini akawaomboleza. Kumbe unga ule ulilisha bakteria, bakteria wakalisha minyoo, na siku ya kurudi Goma maji yalikuwa meupe kwa wingi wa watoto. Sikuli naye ni mzima, na bado anaisema vibaya chai ya Goma.

Tangu siku hiyo Papa Luc hakumwachia mtu minyoo wake. Aliahirisha kustaafu mara mbili. Harusi ya binti yake mwenyewe aliitoroka katikati ya keki, akaja kuwalisha. Tuliona huyu atafia kwenye hadubini. Mwezi uliopita mkuu wetu, Daktari Sylvie, alimnyang'anya ufunguo na kumrudisha nyumbani, mtaa wa Majengo, kwa wiki nzima, sisi tukabaki kuwalisha minyoo.

Aliporudi hakusalimia mtu. Aliinamia hadubini, akakuta majike wamejaa mayai na watoto wanagongana kwa kukosa nafasi. Akafuta macho.

"Kumbe mutaweza," alisema. "Basi, mimi niende."

Nasi tulilia, hatufichi. Asante, Papa Luc, kwa kila mnyoo aliye hai humu ndani. Tunakutakia mapumziko mema, yenye usingizi mrefu na wajukuu wengi. Njoo ututembelee siku yoyote, ubishe hodi. Ufunguo tu ndio hatutakurudishia.