Berthe Kahongya, Sauti Iliyomwita Falonne

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Berthe Kahongya anastaafu, baada ya kuitumikia redio yetu ya Butembo kwa miaka ishirini na saba. Karibu muda huo wote amesoma matangazo ya vifo, asubuhi na jioni. Kuanzia Lubero hadi Beni ni vigumu kupata familia ambayo haijawahi kuwanyamazisha watoto ili isikie anamtaja nani.

Aliingia kazini kuwapokea wageni mlangoni. Jioni moja msomaji aliumwa koo, Mama Berthe akaketi mbele ya maikrofoni kumsaidia, na hakuondoka tena. Husoma taratibu: jina, ukoo, kijiji, bila kupandisha sauti wala kuishusha. Kisha hunyamaza kidogo kabla ya jina linalofuata. Kimya hicho ndicho watu wanachokiogopa.

Sokoni wauza mboga humpimia vizuri na kumwongezea, lakini hawamwambii wanaitwa nani. Kwenye harusi ya mwenzetu Josée, Mama Berthe alipewa maikrofoni awakaribishe wageni, na mama mzazi wa bibi harusi akavuka ukumbi mzima kuja kumnong'oneza: "Mama Berthe, sema tu bibi harusi. Jina lake uache." Akaliacha. Tulicheka sana siku ile, naye alicheka kutushinda.

Mwaka juzi shule moja ya sekondari huko Beni, katika komini, yaani kata, ya Ruwenzori, ilikuwa ikiwaalika watu wa kazi mbalimbali wawaeleze wanafunzi wa mwaka wa mwisho maisha yao ya kazi. Walikwisha kupita muuguzi, fundi wa magari na mnunuzi wa kakao. Mkuu wa shule, Préfet Roger, ni mtu wa Kisangani aliyehamishiwa kwetu hivi karibuni, na hakujua sauti hii ina maana gani huku. Akamwalika Mama Berthe. Mimi Phinées, fundi mitambo, nilimsindikiza.

Aliposalimia tu, darasa likanyamaza. Aliwaeleza jinsi ya kupanga pumzi, jinsi ya kuuliza jina linavyotamkwa kabla ya kulisoma, na jinsi alivyojizoeza kutolia mbele ya maikrofoni, hata siku aliyomtangaza kaka yake. Hakuna aliyeuliza swali. Ili kuwachangamsha, Préfet Roger akamkabidhi majina ya darasa ayasome kama redioni, kila mmoja aitike.

Mama Berthe alisita. "Préfet, majina ya batoto?"

"Ndiyo, Mama. Ni mchezo tu."

Akaanza. Kamate hakuitika. Alikuwa mstari wa mbele kabisa, akitazama mikono yake. Anne-Marie hakuitika. Majina yalipita juu ya vichwa vyao moja baada ya jingine, na baada ya kila jina kilifuata kimya kile kile cha redioni. Wenye majina walikuwa pale pale, macho wazi, wakivuta pumzi kidogo kidogo kama watu waliojificha. Préfet Roger aliacha kutabasamu.

"Falonne Vagheni."

"Présent," mtu akasema kutoka nyuma.

Msichana mrefu alisimama.

"Mama, ulishanisomaka ku redio," akasema. "Mwaka tulikimbia vita ya Kamango. Ulisema nilikufa."

Hadithi yake tuliisikia pale pale, mbele ya wenzake. Watu wenye silaha walipoingia mtaa aliokuwa akiishi na binamu yake karibu na Kamango, alivuka mpaka hadi Uganda. Huku nyuma binamu huyo aliona mwili wa msichana aliyevaa sweta ya kijani, sweta ambayo Falonne aliiacha kwenye kamba ya nguo. Uso haukutambulika. Bibi yake aliyemlea, Koko Mariette wa Vuhovi, akaleta tangazo kwetu, Mama Berthe akalisoma, wakauzika mwili ule Vuhovi. Miezi ikapita. Falonne alipofika Vuhovi kwa miguu, Koko Mariette alimwona mlangoni, akafunga mlango. Tangu siku hiyo msichana alikuwa akiishi Beni kwa mwalimu wake wa zamani.

"Koko anasema redio hapana danganya," Falonne akaendelea. "Kama napita, batoto banakimbia. Anasema mutu wa kunirudisha ni ule alinisoma. Utanisoma tena?"

"Nitakusoma," Mama Berthe akajibu.

Tulirudi Butembo na Falonne garini. Jioni ya kesho yake, baada ya matangazo ya vifo, Mama Berthe alisoma hivi: "Falonne Vagheni wa Vuhovi, tuliyemtangaza kuwa amefariki, yuko hai. Ameketi mbele yangu. Anakula ndizi."

Asubuhi Koko Mariette alikuwa getini kwetu. Aliingia studio bila kumtazama mjukuu wake, akamwomba Mama Berthe aseme maneno yale mbele yake. Akayasema. "Rudilia," bibi akaamuru. Akarudia. Hapo ndipo mzee yule aliponyoosha mkono, akamshika msichana shingoni, akamshikilia kwa muda mrefu.

"Iko na moto," akasema. Akaketi sakafuni, akalia. Waliondoka pamoja.

Kaburi la Vuhovi, hata hivyo, lina mtu. Tangu wakati huo kila Jumamosi Mama Berthe husoma kwamba hapo amelala msichana aliyezikwa na sweta ya kijani, jina lake halijulikani, na anayemtafuta afike redioni. Hajafika mtu. Baada ya tangazo hilo kimya chake huwa kirefu kuliko vingine vyote, na siku moja nilimwuliza sababu.

"Nangoja," akasema. "Labda ataitika."

Mimi huketi upande wa pili wa kioo na kuangalia sindano inayopima sauti. Katika kimya kile sindano inapaswa kulala. Mara moja niliiona ikiinuka, ikakaa juu kidogo, ikashuka. Mama Berthe hakuwa amefungua kinywa. Aliinua macho akanitazama, kisha akaendelea.

Mama Berthe amewafundisha kazi wasomaji wetu wote wa leo. Tulipomwuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, hakutaka kitenge wala saa ya ukutani. Aliomba tangazo la Jumamosi lisikatwe. Josée atalisoma, na amekwisha kufundishwa urefu wa kile kimya.

Mama Berthe, asante kwa kila jina ulilolibeba kwa heshima. Nenda nyumbani ukapumzike, ulale usingizi mzuri, na maisha yako yawe marefu na mema. Wiki hii jina lako hatutalisoma popote ila hapa, katika maneno haya ya kukuaga.