Bwana Samaki na Minyoo wa Lambo la Isangilo

Baada ya miaka ishirini na mitano katika kazi za uvuvi, Bwana Silvesta Masele anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, 1986. Aliajiriwa mwaka 1961, akapangiwa Geita, na huko ndiko alikopata jina la Bwana Samaki. Hata mkewe, Mama Justa, hulitumia anapokuwa amekasirika.

Kazi yake ilikuwa kupandikiza perege katika malambo ya kunyweshea ng'ombe. Amefanikiwa kupita kiasi: siku hizi akipita vijijini huulizwa samaki kabla hajaamkiwa. Baiskeli yake ya kazi tumekwisha kukubaliana kwamba haitarithiwa na mtu, kwa sababu ya harufu.

Mwaka 1968 alifanya kosa ambalo mtoto wa wafugaji tu ndiye angelifanya. Nyumbani kwao, ng'ombe akihamishwa hupelekewa samadi kidogo ya zizi la zamani, apate kutulia. Bwana Silvesta akawafanyia samaki hisani hiyo hiyo. Alipochukua vifaranga wa perege kwenye gati moja la ziwani, penye oili ya meli na taka za pamba, alichota na tope la pale, akamwaga vyote katika lambo la kijiji cha Isangilo. Perege walitulia vizuri. Waliotulia zaidi ni minyoo wekundu, wembamba kama uzi, wageni kabisa huku, ambao hustawi penye uchafu. Kinyesi cha ng'ombe kikawafaa. Kufikia masika ya pili walikuwa wakiingia hadi mitungini.

Watu wa Isangilo hawakuwaza habari za gati. Walimtazama Bibi Zipora, mjane aliyeishi peke yake kando ya lambo, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi, wakasema ndiyo macho ya mchawi. Kikao kikaitishwa, na kila mtu alijua vikao vya namna hiyo huishia wapi. Tunaona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Silvesta alijua kwamba kusema kungemgharimu cheo. Alisimama, akawaamkia wazee, akasema: "Minyoo hawa nimewaleta mimi, kwenye pipa la samaki. Kama kuna wa kuhukumiwa, nipo hapa. Mama huyu mwacheni."

Hawakumwamini. Akawaomba wachague watu wao wawili, akaenda nao gatini wakachimbe wenyewe. Waliporudi na kopo la tope lenye minyoo wale wale, shauri likaisha. Kiangazi hicho lambo lilikaushwa, tope likaparwa na kuanikwa juani, perege wakaliwa wote. Yeye akapewa onyo, na kupanda cheo kukasubiri sana.

Bibi Zipora aliendelea kuishi pale pale hadi mwaka 1979, alipofariki kwa uzee.

Bwana Silvesta, tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea uzee kama ule: nyumbani kwako, kitandani kwako, na majirani wakibisha hodi kwa sababu ya kukuamkia tu.